Vishikizo vya kifuniko cha bwawa navyo viandikwe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vifuniko vya usalama vya mabwawa ya kuogelea na nimeifurahia. Mwandishi amewaeleza wazazi kwa lugha nyepesi kwamba lile turubai lenye vipovu, linaloelea juu ya maji ili kutunza joto, halimzuii mtoto kuzama. Mtoto akilikanyaga linazama naye na kumviringisha, kisha linatulia juu ya maji na mpita njia haoni kitu. Hiyo ni kweli tupu na inafaa irudiwe kila mwaka.

Ila makala nzima imezungumzia kitambaa. Unene wake, kama ni cha wavu au cha kuzuia maji, kinadumu miaka mingapi. Vishikizo vinavyokifunga kitambaa hicho sakafuni havikupewa hata sentensi moja. Mimi kazi yangu ni kutunza mabwawa: kuyafunga msimu wa kuogelea unapokwisha, kuyafungua unapoanza, na kuyapitia katikati. Katika kazi hii sijaona kifuniko cha usalama kilichochanika katikati kwa sababu mtu amekanyaga. Ninachokiona mara kwa mara ni vishikizo vilivyolegea, vilivyokwama, vilivyong'oka na mwenye bwawa hana habari. Ndiyo maana nimeandika, na nitaandika kwa urefu kidogo.

Kwa ambaye hajawahi kukiangalia kwa karibu, kishikizo ni kibomba cha shaba chenye ukubwa wa kidole gumba, kilichogongwa ndani ya tundu kwenye zege linalozunguka bwawa mpaka mdomo wake ukalingana na sakafu. Ndani yake mna skrubu nene, na kichwani mwa skrubu kuna kitundu cha pembe sita. Ukitia alenki, ule ufunguo wa pembe sita, na kuzungusha kinyume cha saa, skrubu inapanda na kichwa kinatokeza juu ya sakafu, kikiwa na shingo nyembamba chini yake. Ncha ya mkanda wa kifuniko ina springi. Springi hiyo inavutwa kwa fimbo maalumu ya chuma mpaka pete yake ipite juu ya kichwa na kukaa kwenye shingo. Kifuniko kikiondolewa, skrubu inashushwa tena, na mtu anapita peku bila kujikwaa.

Mikanda hupangwa kila baada ya mita moja na nusu hivi, au chini ya hapo, ikipishana kwa urefu na kwa upana. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mkanda mmoja unavuka bwawa zima, kutoka ng'ambo hii hadi ile. Kishikizo cha upande mmoja kikitoka, mkanda wote unalegea mpaka upande wa pili, ingawa huko kishikizo ni kizima. Kwa hiyo anayehesabu na kusema "kimekosekana kimoja tu" amehesabu vibaya. Umekosekana mkanda mzima, na pale pembeni pamefunguka mlango wa upana wa karibu mita tatu.

Marekani wana kiwango kinachoitwa ASTM F1346, kilichotolewa mwaka 1991. Kwa bwawa pana, kifuniko kinachostahili kuitwa cha usalama kinatakiwa kibebe kilo 220 hivi, uzito wa watu wazima wawili na mtoto, kwa sababu mtoto akiingia juu ya kifuniko wazazi watamkimbilia bila kufikiri. Ufaransa nako, sheria ya tarehe 3 Januari 2003 inamtaka mwenye bwawa binafsi lililochimbwa ardhini aweke kinga mojawapo kati ya uzio, kengele, kifuniko au banda. Watu wananunua kifuniko, wanaisoma ile lebo ya kilo 220, wanalala usingizi. Lakini zile kilo haziishii kwenye kitambaa. Zinapita kwenye mikanda, zinafika kwenye springi, na mwisho wake ni kwenye vile vibomba vya shaba ndani ya zege. Lebo inaeleza kifuniko kilivyokuwa siku ya majaribio kikiwa na vishikizo vyake vyote. Haiwezi kukueleza lolote kuhusu tundu lililopasuka nyuma ya nyumba yako.

Kuna bwawa moja la hosteli nililokuwa nikilihudumia. Upande wa maji mafupi, pale penye ngazi, kishikizo kimoja kilikuwa kimeng'oka na springi yake imelala juu ya kifuniko. Nikamwita mama msimamizi. Akaangalia, akaniambia, "Fundi, si kimoja tu? Mbona vingine vyote vipo?" Sikubishana naye. Palikuwa na mpira wa watoto kwenye majani, nikauchukua, nikauweka ukingoni, nikausukuma kwa mpini wa ufagio. Ukainua ukingo wa kitambaa, ukapita chini, ukaingia majini. Tukausikia ukigonga kifuniko kwa chini, hatukuweza kuuona. Mama yule alifunga geti la bwawa mwenyewe siku ile na funguo akakaa nazo mpaka kishikizo kipya kilipowekwa.

Nataka wasomaji wenu wajue hivi vitu vinaharibika vipi, maana ukijua chanzo unajua pa kuangalia.

Adui wa kwanza ni mchanga. Skrubu ikishushwa, kile kitundu cha pembe sita kinatazama juu, na kila anayefagia sakafu anakijaza. Mchanga unashuka kwenye meno ya skrubu, unachanganyika na unyevu, unashika kama saruji. Msimu ukigeuka fundi anakuja, anatia alenki nusunusu kwa sababu chini pamejaa uchafu, anaongeza bomba kwenye alenki apate nguvu, anasukuma. Shaba ni laini. Zile pembe sita zinageuka duara, na hapo skrubu ambayo ingeokolewa kwa mswaki mkuukuu imekuwa kazi ya nusu siku.

Adui wa pili ni chumvi na dawa ya maji. Bwawa linalotumia klorini, na zaidi lile linalotengeneza klorini kutokana na chumvi, linarusha maji sakafuni kila watoto wanaporuka. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Shaba ya vishikizo imechanganywa na zinki, na miaka ikipita katika unyevu wenye chumvi ile zinki inaweza kuliwa na kutoka. Kinachobaki ni shaba dhaifu yenye matundu, ya rangi inayoelekea wekundu. Nikiona kichwa cha skrubu kimeanza kuwa chekundu mahali palipokuwa pa manjano, sikiamini tena. Kinaweza kukatika shingoni kwa mvuto wa springi, na springi iliyobanwa ikiachiliwa ghafla inaruka kwa nguvu ya kuumiza jicho. Springi zenyewe, hata zikiwa za chuma kisichoshika kutu, zikikaa na chumvi huanza kutoboka vitobo vidogo. Kwa hiyo nazo ziangaliwe.

Katika nchi za baridi kuna adui mwingine, barafu. Maji yanayoingia pembeni mwa kibomba yakiganda yanatanuka na kupasua zege kidogokidogo. Unakuta nyufa nyembamba zimetoka kwenye tundu kama miale. Hapo shaba ni nzima lakini kilichoishika kimekufa.

Na kuna uharibifu unaotoka bwawani kwenyewe, nao ndio unaosahaulika kuliko wote. Kifuniko kinategemea kiasi fulani maji yaliyo chini yake. Mtu akikikanyaga, kikashuka, kinayakuta maji nayo yanamsaidia kubeba. Sasa bwawa likivuja, maji yakashuka sana, kifuniko kinabaki kinaning'inia hewani na uzito wote unavutwa na vishikizo. Ongeza mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja. Bwawa la mita 4 kwa 8, lenye kifuniko kisichopitisha maji, likipata mvua ya milimita 50 bila pampu ya kuyatoa, limebeba kilo 1,600. Nimeona vishikizo vimepinda vyote kuelekea majini kwa mstari mmoja, na zege limemomonyoka upande huohuo, na mwenye nyumba analaumu fundi aliyetoboa. Chanzo kilikuwa bomba la chini lililokuwa likivuja taratibu. Kwa hiyo ukikuta vishikizo vingi vimelegea kwa pamoja, kabla hujanunua vipya, inua pembe moja ya kifuniko upime maji. (Na hayo maji yanayokaa juu ya kifuniko ni hatari yenyewe. Mtoto mdogo anakufa maji kwenye kina cha sentimita chache.)

Kuvitunza si kazi kubwa. Inataka tu mtu anayejua kwamba ni kazi yake. Kifuniko kinapotoka, shusha kila skrubu papo hapo, usiiache imetokeza mtu akajikata kidole. Zungusha mpaka ifike mwisho kisha irudishe robo mzunguko, isikazane. Kabla ya kuishusha isafishe: itoe yote, piga mswaki meno, mwaga maji safi kwenye kibomba, puliza mchanga utoke. Paka grisi ya silikoni isiyoondoka kwa maji, kiasi kidogo tu. Mafuta ya kawaida ya mashine siyapendi, kwa sababu yanakusanya mchanga. Usiache kibomba kitupu hata kwa siku moja ukisema utarudi. Kitajaa, na kuchimbua mchanga uliokazana ndani ya kibomba ni adha. Katikati ya msimu, hata kama bwawa linatumika kila siku, zipandishe na kuzishusha walau mara moja. Skrubu inayozungushwa haikwami.

Ikiwa tayari imekwama, usiishindanie nguvu. Chokoa uchafu wote kwenye kitundu kwa msumari mwembamba au sindano nene mpaka uone chuma chini. Tia mafuta ya kulegeza kutu, acha yalale usiku mzima. Asubuhi weka alenki, igonge kidogo kwa nyundo ikae mpaka chini, halafu sogeza mbele na nyuma, mbele kidogo na nyuma kidogo. Huwa inakubali. Ikikubali, itoe yote uisafishe, usiridhike kwamba imepanda.

Kujua kama kibomba kimelegea kuna njia mbili ninazozitumia. Ya kwanza, zungusha skrubu huku umeweka kidole kwenye ukingo wa kibomba. Kibomba kikizunguka pamoja na skrubu, kimeachana na zege. Ya pili, pandisha skrubu, ipitishie ile fimbo ya kifuniko, uvute kuelekea majini, kwa maana huko ndiko springi inakovuta. Kivute kwa nguvu kweli. Kikicheza kama jino lililolegea, kitoke leo kabla hakijajitoa chenyewe usiku.

Sasa kubadilisha. Kwanza angalia kinachotakiwa kubadilishwa. Mara nyingi kibomba ni kizima na skrubu ndiyo iliyokufa. Hapo nunua skrubu peke yake, ila nenda na ya zamani mkononi, kwa kuwa watengenezaji hawatumii meno ya aina moja na skrubu ya huyu inaweza isiingie kwenye kibomba cha yule. Nimekuta mahali mtu amelazimisha, meno ya vyote viwili yakaisha. Mwenye bwawa akinunua kifuniko kipya, amwombe muuzaji skrubu na vibomba vichache vya akiba vya aina hiyohiyo avihifadhi pamoja na alenki yake. Baada ya miaka anaweza asivipate tena.

Kama ni kibomba chenyewe, pandisha skrubu ikiwa bado ina meno, pitisha ncha ya mtaimbo mdogo chini ya kichwa, weka kipande cha ubao chini ya mtaimbo usivunje sakafu, kisha inua polepole. Kinatoka. Kikitoka, usikimbilie kupachika kipya. Lichunguze tundu. Kuta zake zikiwa nzima na zimenyooka, lisafishe na uweke kipya cha kipimo kilekile. Likiwa limepanuka kidogo lakini zege lake ni imara, jaza gundi ya epoksi ya kushikizia vyuma kwenye zege, ile ya madukani yenye maelezo ya muda wa kukauka, na uufuate muda huo. Skrubu ishushwe na mdomo wa kibomba uzibwe kwa utepe gundi isiingie kwenye meno. Nimevuta kutoka matunduni vijiti vya kiberiti, magazeti yaliyokunjwa, na mara nyingi kabisa saruji na mchanga iliyokorogwa nyepesi. Ile ya saruji ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inaonekana imara. Inashika siku za kwanza, halafu springi inavyotikisika na upepo inageuka unga.

Zege likiwa limepasuka, liache. Ziba tundu la zamani, utoboe jipya kwenye zege zima, kwenye mstari uleule wa mkanda. Mstari ni muhimu: mkanda uliovutwa upande unakunja mshono wa kitambaa na kukivuta kishikizo kwa mbavu. Unaweza kusogea nyuma au mbele kadiri kibanio cha mkanda kinavyoruhusu kuurefusha na kuufupisha. Usikaribie sana ukingo wa sakafu wala kiungio kati ya slabu na slabu, zege litabanduka. Umbali kutoka ukingo wa maji usikisie, upo kwenye maelezo ya mtengenezaji wa kifuniko. Na kabla ya drili kugusa sakafu, ujue mabomba na nyaya za taa za bwawa zimepita wapi. Kama hujui, muulize aliyejenga, au umwite fundi umeme.

Vishikizo vingi vya zege vinataka tundu la milimita 19, ambalo kwa vipimo vya zamani ni robo tatu ya inchi, lakini soma pakiti, usitegemee barua yangu. Tumia drili inayopiga na kuzunguka, siyo ile ya mbao. Funga utepe kwenye keekee kuonyesha kina, kizidi urefu wa kibomba kidogo ili vumbi litakalobaki lipate pa kukaa. Simamisha drili wima; tundu la mshazari linatoa kishikizo cha mshazari, na springi itakuwa inateleza na kutoka. Vaa barakoa ya vumbi na miwani. Vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu, na tumezika mafundi waliodhani kifua ni cha baridi. Ukimaliza kutoboa, fyonza vumbi lote, kisha gonga kibomba kikiwa na skrubu iliyoshushwa, ukitumia kipande cha chuma kilichokusudiwa kazi hiyo. Nyundo isipige mdomo wa shaba moja kwa moja, utaukunja na skrubu haitapanda tena.

Mkanda ukishafungwa, tazama springi. Inatakiwa iwe imebanwa karibu nusu ya urefu wake wa kubanwa. Ikiwa imekazwa mpaka mwisho haina nafasi ya kunyumbuka, na mtu akikanyaga kifuniko mshtuko wote unakwenda kwenye kishikizo. Ikiwa imelegea, upepo unapiga kitambaa juu chini na kukisaga kwenye ukingo.

Haya yote ni ya zege. Sakafu ya vitofali vilivyopangwa juu ya mchanga haiwezi kushika kibomba kifupi. Kitofali kitang'oka nacho. Huko tunatumia vigingi virefu vya alumini vinavyoshuka ardhini sentimita 40 hivi au zaidi, au tunatoa kitofali, tunamwaga zege chini yake na kuweka kibomba humo. Kwenye sakafu ya mbao kinatumika kishikizo chenye kibati bapa cha kufungwa kwa skrubu za mbao, nacho kifungwe kwenye boriti au kwenye kipande cha mbao kilichoongezwa chini. Kikifungwa kwenye ubao wa juu peke yake, siku ya mzigo ubao utanyanyuka na misumari yake.

Wapo wanaofunga mkanda kwenye mti, kwenye mguu wa benchi, au kuweka tofali juu ya ukingo wa kitambaa badala ya kishikizo kilichokosekana. Nawaomba waache. Tofali linateleza na kuingia majini pamoja na mtoto. Kama kishikizo hakipo na kipya hakijafika, lichukulieni bwawa hilo kwamba liko wazi: fungeni geti, wekeni mtu, waambieni watoto na wageni. Nimeona familia makini kabisa, zisizomwacha mtoto karibu na maji hata dakika, zinamwacha acheze kando ya kifuniko chenye pengo kwa kuwa macho yao yameona kifuniko.

Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Si vifo vyote hivyo vya mabwawa ya kuogelea. Mito, maziwa na visima vimo. Lakini mtoto wa umri huo ndiye hasa anayepita kwenye pengo la kishikizo kimoja, na anazama bila kelele.

Maombi yangu kwenu, Mhariri, ni mawili. Mwandishi wenu arudi kwenye habari hii na safari hii aende na mpiga picha, apige kishikizo kilichopandishwa na kilichoshushwa, kizima na kilichoanza kuwa chekundu, tundu zuri na tundu lililopasuka. Picha hizo zitamfundisha mwenye bwawa kuliko maneno yangu. La pili, muwahimize wasimamizi wa hoteli, hosteli, shule na nyumba za kupanga wawe na mchoro wa bwawa uliobandikwa ukutani kwenye chumba cha pampu, kila kishikizo kina namba yake, na kando yake jina la mtu anayevikagua na tarehe aliyovikagua mara ya mwisho. Mahali penye mchoro wa namna hiyo ninaambiwa kwa simu, "Fundi, namba 14 inacheza," nami naondoka na kifaa sahihi. Mahali pasipo na mchoro naambiwa njoo uangalie, kuna kitu kimelegea huko nyuma, na mara nyingi aliyekiona ameshasahau ni wapi.

Wenu,
Fundi mtunza mabwawa